Masafa, Usikivu na Makadirio: Historia Fupi ya Maneno ya Mawimbi ya Redio, kwa Mfano wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya maneno matatu ambayo hutamkwa kila siku redioni, bungeni na katika mikutano ya vijiji, nayo ni masafa, usikivu na utabiri. Maneno haya yamepewa kazi mpya. Kabla ya kujenga mnara wa simu na wa intaneti yenye kasi, mtaalamu hana budi kujua mawimbi ya mnara huo yatafika wapi na yataishia wapi. Kazi hiyo huifanya kwa hesabu na ramani. Lakini matokeo yake humfikia diwani, mtendaji wa kijiji na mwananchi kwa njia ya maneno. Na endapo neno moja limebeba maana tatu, ramani iliyochorwa sawasawa huweza kusomwa visivyo.

Tumeuchagua Mkoa wa Songwe kwa sababu mbili. Kwanza, ardhi yake ina kila kizuizi ambacho mawimbi huweza kukutana nacho: uwanda wa juu wa Mbozi, milima ya Ileje, ukingo wa Bonde la Ufa na mbuga za chini zielekeazo Ziwa Rukwa. Pili, mji wake mkubwa wa Tunduma umekaa mpakani kabisa, ukigusana na mji wa Nakonde ulio Zambia, na mawimbi hayajui mpaka. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Lakini suala tunalolizungumzia ni kongwe kuliko mkoa.

USIKIVU: NENO LILILOHAMA KUTOKA KWA MTU

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikisikika mjini na katika viunga vyake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa idara ya Serikali chini ya jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika hatua zote hizo swali la wananchi wa mikoa ya mbali lilikuwa moja: je, huku inasikika?

Swali hilo halikuwa la starehe. Katika miaka ya 1970 kampeni za elimu ya watu wazima zilitegemea redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza kipindi, kisha kujadiliana na kutenda. Kikundi ambacho redio yake ilikoroma tu kilibaki na kitabu bila sauti ya mwalimu. Hivyo kufika au kutofika kwa mawimbi kulikuwa na maana ya kufika au kutofika kwa elimu.

Katika mazingira hayo neno usikivu lilipata maana mpya. Kwa asili usikivu ni sifa ya mtu. Mtoto msikivu ni yule anayesikia akielekezwa na kutii. Usikivu, basi, ulikaa katika sikio na moyo wa msikilizaji. Lakini watangazaji na mafundi mitambo walipoanza kusema kwamba usikivu wa redio katika mkoa fulani ni hafifu, hawakuwa wakiwalaumu wananchi kwa ukaidi. Neno lilikuwa limehama kutoka kwa mtu likaenda kwenye wimbi, na kutoka kwenye wimbi likaenda kwenye ardhi: ikawa sasa ni wilaya ndiyo yenye usikivu au isiyo nao.

Uhamaji wa namna hii ni jambo la kawaida katika lugha, wala hatuuoni kuwa kasoro. Neno simu lenyewe lilitoka katika lugha ya Kiajemi likiwa na maana ya waya, nasi leo twasema bila kusita kwamba simu haina waya. Jambo la kuangalia si kwamba neno limehama, bali ni kama bado linatenganisha vitu ambavyo kazi inataka vitenganishwe.

MASAFA: NENO MOJA, VITU VITATU

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa zaidi. Neno masafa lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali baina ya mahali na mahali. Maana hiyo ingali hai. Twasema mtu amesafiri masafa marefu, na habari za vita hutaja makombora ya masafa ya kati.

Ilipokuja redio, watangazaji wakasema kwamba matangazo yanapatikana katika masafa mafupi au masafa ya kati. Hapo neno lilikuwa linapima kitu kingine: urefu wa wimbi lenyewe, yaani umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata. Msikilizaji wa zamani aliyeambiwa ageuze redio yake hadi mita 41 alikuwa anapewa urefu huo.

Kisha yakafuata mazoea ya tatu. Leo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inapogawa masafa, na inapotangaza mnada wa masafa ya megahezi 700 kama ilivyofanya mwaka 2018, neno hilo halipimi umbali wala urefu. Linahesabu mara ngapi wimbi hurudia mwendo wake katika sekunde moja. Megahezi moja ni marudio milioni moja kwa sekunde.

Msomaji ataona kwamba maana ya pili na ya tatu si tofauti tu, bali zinakwenda kinyume. Mwendo wa mawimbi ya redio ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukigawanya 300 kwa idadi ya megahezi unapata urefu wa wimbi kwa mita. Redio ya mita 41 ina marudio ya karibu megahezi 7.3. Simu ya megahezi 700 ina wimbi la sentimita 43 hivi. Kadiri masafa ya maana ya pili yanavyokuwa mafupi, ndivyo masafa ya maana ya tatu yanavyokuwa ya juu. Fundi aliyejifunza kwa redio ya masafa mafupi, akisoma katika waraka kwamba masafa ya chini hufika mbali zaidi nyuma ya kilima, ana haki ya kuuliza: ni masafa gani hayo, na je, chini ni kufupi au ni kurefu? Na kwa kuwa kila hesabu ya kukadiria mawimbi huhitaji vitu vyote vitatu kwa wakati mmoja, yaani umbali, urefu wa wimbi na marudio, sentensi moja yaweza kulitumia neno masafa mara tatu kwa maana tatu.

JINSI HESABU ILIVYOKUA

Yafaa tueleze kwa ufupi historia ya hesabu yenyewe, maana istilahi haiundwi vema na mtu asiyekijua kitu kinachopewa jina.

James Clerk Maxwell alionyesha kwa hisabati mwaka 1865 kwamba mawimbi ya sumaku-umeme yapo, na Heinrich Hertz akayatengeneza katika maabara huko Ujerumani kati ya mwaka 1887 na 1888. Guglielmo Marconi alipovusha ishara juu ya Bahari ya Atlantiki mwezi Desemba mwaka 1901, wataalamu walishangaa, kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi yangepaswa kupotelea angani. Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kwamba huko juu lazima kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi chini. Na mwaka 1924 Edward Appleton akalithibitisha kwa vipimo. Tabaka hilo hubadilika kwa usiku na mchana, kwa majira, na kwa mzunguko wa madoa ya jua wa miaka 11 hivi. Ndiyo sababu wazee wetu walijua, bila kufundishwa fizikia, kwamba redio hushika mbali zaidi usiku.

Mawimbi ya simu na ya intaneti ni ya namna nyingine. Hayategemei tabaka la juu. Huenda moja kwa moja juu ya ardhi, na adui zake ni umbali, mlima, jengo na majani. Mwaka 1946 Harald Friis alitoa kanuni ya uwazi usio na kizuizi: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Kwa kanuni hiyohiyo, kwa antena zisizopendelea upande wowote, marudio yakiongezeka mara tatu, nguvu inayopokelewa hubaki sehemu moja ya tisa. Hapa ndipo tunapoona kwa nini masafa ya megahezi 700 yanatamaniwa kwa huduma za vijijini kuliko ya megahezi 2,100.

Lakini dunia si uwazi. Mwaka 1968 Yoshihisa Okumura na wenzake walichapisha vipimo vingi walivyovichukua ndani na kandokando ya jiji la Tokyo, na mwaka 1980 Masaharu Hata akavigeuza kuwa kanuni fupi ambayo fundi aliweza kuitumia bila kurejea michoro. Kanuni ya Hata ina mipaka yake iliyotajwa wazi: marudio ya megahezi 150 hadi 1,500, umbali wa kilomita 1 hadi 20, na antena ya mnara yenye urefu wa mita 30 hadi 200. Mwaka huohuo wa 1968, huko Marekani, Anita Longley na Phil Rice walitoa njia iliyozingatia mabonde na vilima. Njia hiyo ilidai data ya mwinuko wa ardhi, na data hiyo ilipatikana kwa wingi baada ya chombo cha anga Endeavour kuipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000. Tangu hapo aliyeko mezani Dodoma au Dar es Salaam ameweza kuona umbo la ardhi ya Ileje bila kupanda Ileje.

Faida hiyo ni kubwa. Hata hivyo tukumbuke kwamba Tokyo si Mbozi. Kanuni iliyozaliwa kati ya majengo ya mji wa Japani haijui mashamba ya kahawa na miti yake ya kivuli, wala haijui majani yaliyolowa mvua za masika. Kwa hiyo wataalamu makini huiangalia kanuni kwa vipimo: hupita barabarani na chombo cha kupimia, wakalinganisha kilichokadiriwa na kilichopatikana, kisha wakairekebisha kanuni.

ARDHI YA SONGWE INASEMAJE

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye vipimo vinavyofanana na ardhi hiyo. Uwanda wa Mbozi mahali pengi hupita mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Kati ya hivyo viwili kuna ukingo. Tuseme mnara wa mita 50 umejengwa juu ya uwanda, kilomita 2 kutoka ukingoni, karibu na barabara na umeme. Mstari unaotoka kilele cha mnara na kugusa ukingo unashuka mita 25 kwa kila kilomita. Ikiwa bonde liko mita 600 chini ya ukingo, mstari huo hautaigusa ardhi ya bonde mpaka uwe umesafiri takriban kilomita 24 nyingine. Vijiji vyote vilivyo chini ya ukingo katika kilomita hizo viko katika kivuli. Mnara huohuo ukisogezwa hadi mita 100 kutoka ukingoni, kivuli kinapungua na kuwa kilomita 1.2 tu.

Ni kweli kwamba mawimbi hupinda kidogo yanapopita juu ya ukingo, na yale ya marudio ya chini hupinda zaidi. Kwa hiyo kivuli cha mawimbi si giza totoro kama kivuli cha taa. Lakini mfano unatosha kuonyesha kwamba duara linalochorwa kuzunguka mnara, ambalo mara nyingi ndilo huonekana katika taarifa, halisemi ukweli wa nchi ya milima. Katika uwanda tambarare mnara wa mita 50 huweza kuona hadi kilomita 29 hivi kwa mawimbi ya redio. Kamsamba na Mkwajuni haziko katika uwanda tambarare wa namna hiyo ukizitazama kutoka Vwawa.

Jambo la pili ni namna watu walivyokaa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara kuu iendayo Zambia zimewavuta watu wengi katika mstari mmoja: Mlowo, Vwawa, Mpemba, Tunduma. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao unaunganishwa na Zambia hapohapo Tunduma. Minara michache juu ya mstari huo yaweza kuwafikia watu wengi sana huku ikiacha sehemu kubwa ya ardhi ya mkoa bila mawimbi. Taarifa inayosema kwamba mkoa umefikiwa kwa asilimia fulani, isiposema asilimia ya nini, haijasema kitu. Asilimia ya watu ni habari moja, asilimia ya ardhi ni habari nyingine.

Jambo la tatu ni mpaka. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na soko la Tunduma na la Nakonde ni kama soko moja. Simu ya mtu aliyeketi dukani kwake upande wa Tanzania huweza kunasa mnara wa upande wa pili, ikahesabiwa kuwa iko ugenini. Ndiyo maana nchi hukubaliana kuhusu mawimbi. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1975 ulipanga mawimbi marefu na ya kati, na ule wa mwaka 1984 ulipanga redio za FM, Afrika ikiwamo. Hapo makadirio ya mawimbi yaliacha kuwa kazi ya fundi peke yake, yakawa lugha ya mapatano baina ya mataifa.

UTABIRI AU MAKADIRIO?

Sasa tufike kwenye neno la tatu. Wafasiri wengi huiita kazi hii utabiri wa mawimbi, kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa. Neno kutabiri lina asili ya Kiarabu yenye kuhusiana na kufasiri ndoto, na katika masikio ya Waswahili bado lina harufu ya mtabiri wa nyota: husema litakalokuwa. Asiyeamini hawezi kumhoji, naye aaminiye husubiri.

Neno kukadiria lina tabia nyingine. Serikali hupeleka bungeni makadirio ya mapato na matumizi, na mwisho wa mwaka hutakiwa kueleza tofauti kati ya kilichokadiriwa na kilichotokea. Fundi mwashi hukadiria mifuko ya saruji. Anayekadiria anakiri tangu mwanzo kwamba ipo nafasi ya kupungua au kuzidi, na kwamba atapimwa.

Tofauti hii si ya mapambo. Michoro ya kimataifa inayotumika kukadiria nguvu ya mawimbi juu ya nchi kavu hutoa thamani inayofikiwa au kupitwa katika asilimia 50 ya mahali. Maana yake ni kwamba pale mstari wa ramani unapopita, nusu ya mahali huweza kupata nguvu pungufu ya ile iliyoandikwa, isipokuwa mtaalamu awe ameongeza akiba ya usalama. Ramani ikiitwa utabiri, mtendaji wa kijiji husoma: mawimbi yatafika hapa. Ikiitwa makadirio, huuliza: kwa uhakika wa kiasi gani, na nani amepima?

Na swali hilo lina uzito wa fedha na maendeleo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake haivutii. Mwezi Mei mwaka 2023 zilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26. Kwa mpango wa namna hiyo ni lazima kwanza ijulikane ni kata gani haijafikiwa. Kijiji kilicho kivulini, lakini ambacho ramani imekipaka rangi ya kufikiwa, hakitaonekana katika orodha ya wenye shida. Wakazi wake wataendelea kupanda kilimani kupiga simu ya kumwita mganga, huku katika karatasi wakiwa ni watu waliokwisha kuhudumiwa.

USIKIVU WA PANDE MBILI

Baadhi ya wenzetu wamependekeza kwamba neno usikivu liachwe, kwa kuwa intaneti haisikilizwi, na kwamba badala yake tukubali kavareji, ambalo limekwisha kuzoeleka maofisini. Hatuna chuki na maneno ya mkopo. Redio na antena ni mikopo iliyotufaa. Lakini tunaamini usikivu lina sababu ya kubaki, na sababu hiyo ni ya kisayansi.

Katika utangazaji, mnara husema na mwananchi husikiliza. Njia ni moja. Katika simu na intaneti, njia ni mbili. Mtambo wa mnara hurusha kwa makumi ya wati, ilhali simu ya kizazi cha nne hurusha kwa takriban wati 0.2 tu. Aghalabu simu humsikia mnara vizuri, lakini mnara haumsikii mwenye simu. Mwananchi huona alama za mawimbi juu ya kioo, akajaribu kupiga, na asifanikiwe. Kwa hiyo mpaka wa huduma mara nyingi huwekwa na usikivu wa mnara. Neno lililokuwa sifa ya mtu, likawa sifa ya wilaya, sasa linarudi kuwa sifa ya anayesikiliza, ila safari hii msikilizaji ni mnara.

MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo yote tunapendekeza matumizi yafuatayo, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.

Kwanza, katika maandishi ya kitaalamu neno masafa libaki kwa maana ya marudio kwa sekunde tu. Mwendo baina ya mnara na simu uitwe umbali, na kipimo cha wimbi kiitwe urefu wa wimbi. Majina ya mazoea kama masafa mafupi yaachwe katika redio kama majina, wala yasiingizwe katika kanuni.

Pili, kufika kwa mawimbi mahali fulani kuitwe ueneaji wa mawimbi. Usikivu uwe ni uwezo wa upande mmoja kumpokea mwingine kwa kiasi cha kufaa, nao utajwe kwa pande zake: usikivu wa simu na usikivu wa mnara.

Tatu, kazi ya kutangulia ujenzi iitwe makadirio ya ueneaji, na kazi ya kuthibitisha iitwe vipimo. Neno utabiri liachiwe mambo yabadilikayo siku hata siku, kama mvua na tabaka la juu la anga.

Nne, sehemu inayonyimwa mawimbi na mlima au ukingo iitwe kivuli cha mawimbi, na ramani yoyote inayotolewa kwa wananchi ikionyeshe.

Tano, kila asilimia ifuatwe na jina la kinachohesabiwa: ya watu, ya ardhi, ya mahali, au ya muda.

Tunawaomba wahandisi, walimu wa fizikia, watangazaji na watendaji wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe watuletee maneno wanayoyatumia wao katika kazi hii, pamoja na mifano ya sentensi. Huenda huko chini ya ukingo, ambako kivuli cha mawimbi kinafahamika kwa miguu kabla hakijafahamika kwa hesabu, limekwisha kupatikana jina bora kuliko lile tulilolibuni sisi mezani.